Viyeyusho vyenye klorini kwenye maji: bakteria wanavyovivunja na jinsi seli zinavyoumia

Ukurasa huu ni kwa ajili yako iwapo unatumia maji ya kisima karibu na karakana, kiwanda, kambi ya jeshi au duka la drai klini, au iwapo umeambiwa kwamba maji ya mtaa wenu yana TCE au PCE lakini bakteria wa ardhini watayasafisha wenyewe. Huenda umeambiwa kweli. Bakteria wa namna hiyo wapo. Tatizo ni kwamba wanaweza kuishia katikati ya kazi, na pale katikati kuna sumu kali kuliko ile waliyoanza nayo.

Viyeyusho hivi ni nini?

Ni vimiminika visivyo na rangi, vyenye harufu tamu kidogo, vinavyoondoa grisi na mafuta haraka na visivyoshika moto kwa urahisi. Viwili vinavyokutwa mara nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi ni trikloroethileni, inayofupishwa TCE, na perkloroethileni, inayofupishwa PCE. TCE ilitumika sana kuondoa grisi kwenye vyuma vya mashine na vipuri vya ndege. PCE ndiyo dawa ambayo madobi wa drai klini hufulia suti na makoti bila kutumia maji.

Kwa miaka mingi watu hawakuviogopa. Nchini Uingereza wanawake waliokuwa wakijifungua walivutishwa mvuke wa TCE ili kupunguza uchungu, na Marekani TCE ilitumika kuondoa kafeini kwenye kahawa hadi miaka ya 1970.

Kila molekuli ya viyeyusho hivi ina atomu mbili za kaboni zilizoshikana, na klorini pembeni. PCE ina klorini nne, TCE ina tatu. Kumbuka hesabu hiyo, maana utaihitaji hapo mbele.

Neno klorini lisikutie hofu isiyo na sababu. Dawa ya klorini unayotia kwenye ndoo ili kuua vijidudu ni kitu kingine kabisa. Usiache kutibu maji yako kwa sababu ya ukurasa huu: kipindupindu huua kwa siku chache, ilhali viyeyusho hivi, kwa viwango vinavyokutwa majini, hudhuru kwa miaka.

Kwa nini ni vigumu kuviondoa?

Mafuta ya taa yakiingia kisimani huelea juu, na utayaona. TCE na PCE ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Hupenya kwenye udongo na nyufa za miamba hadi zifike kwenye tabaka gumu, zikatulia hapo na kuyeyuka kidogokidogo kwa miongo mingi. Lita moja ya TCE ina uzito wa karibu kilo 1.46. Marekani hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 za TCE katika lita moja ya maji ya kunywa. Piga hesabu: lita hiyo moja inatosha kufikisha takriban lita milioni 290 za maji kwenye kikomo hicho. Na kwa kiwango kidogo namna hiyo pua yako haitanusa chochote.

Kilichotokea Camp Lejeune

Mfano unaojulikana zaidi ni Camp Lejeune, kambi ya kikosi cha Marine katika jimbo la North Carolina, Marekani. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1987, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, yaani askari, wake zao, watoto wao na wafanyakazi wa kiraia, walikunywa na kuogea maji yenye viyeyusho hivi. Mtambo wa maji wa Tarawa Terrace, uliohudumia nyumba za familia, ulichafuliwa na PCE iliyotoka kwenye duka la drai klini nje ya kambi. Mtambo wa Hadnot Point ulichafuliwa na TCE, pamoja na benzini inayotoka kwenye mafuta ya magari, kutokana na matangi yaliyovuja na taka za kambi yenyewe.

Mei 1982 maji ya bomba ya Hadnot Point yalikutwa na mikrogramu 1,400 za TCE kwa lita. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa mwishoni mwa 1984 na mwanzoni mwa 1985. Katikati hapo ilipita zaidi ya miaka miwili, na mama waliendelea kukorogea watoto wao maziwa kwa maji hayo.

Jambo moja la Tarawa Terrace linahusu moja kwa moja tunachoeleza hapa. Dobi alitumia PCE. Lakini ATSDR, wakala wa afya wa serikali ya Marekani unaoshughulikia vitu vyenye sumu, ulipokokotoa upya historia ya maji yale ulilazimika kuhesabu pia TCE, DCE na kloridi ya vinili. Hakuna aliyevimwaga vyote hivyo pale. PCE ilikuwa ikivunjwavunjwa njiani, humo humo ardhini, kabla maji hayajafika kisimani.

Bakteria huvivunjaje?

Kuna njia mbili, na hazifanani.

Njia ya kwanza hutokea mahali pasipo na oksijeni, kama chini kwenye matope. Sisi tunavuta oksijeni ili tupate nguvu kutoka kwenye chakula. Baadhi ya bakteria hutumia PCE au TCE badala ya oksijeni: wanaipumua. Kila wanapoipumua, klorini moja hung'oka na hidrojeni moja hukaa mahali pake. PCE yenye klorini nne huwa TCE yenye tatu. TCE huwa dikloroethileni, DCE, yenye mbili. DCE huwa kloridi ya vinili, yenye moja. Ikiondoka na hiyo ya mwisho hubaki etheni, gesi ileile ambayo ndizi hutoa zinapoiva. Kwa kiasi kinachopatikana majini, haina madhara.

Bakteria wa aina nyingi wanaweza hatua mbili za kwanza. Kufika mwisho ni kazi ya wachache mno. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, akina Xavier Maymó-Gatell, James Gossett na Stephen Zinder, walitangaza bakteria wa kwanza aliyeweza kuitoa PCE mwanzo hadi etheni. Walimpata kwenye tope la mtambo wa majitaka. Leo anaitwa Dehalococcoides mccartyi, kwa heshima ya Perry McCarty, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyetumia muda mrefu kwenye tatizo hili.

Bakteria huyu ni mdogo sana na ni mteule kupita kiasi. Oksijeni humwua. Chakula chake ni hidrojeni, ambayo hupewa na bakteria wengine wanaochachusha mabaki ya mimea na uchafu. Anahitaji vitamini B12, kwa kuwa ndiyo iliyo katikati ya vimeng'enya vyake vya kung'oa klorini, lakini hawezi kuitengeneza mwenyewe. Hiyo nayo huipata kwa majirani. Maji yakiwa na asidi hudhoofika, na kila klorini inayong'oka huongeza asidi kidogo. Tena hata ndani ya aina hiyo moja si wote walio sawa: wapo wenye kimeng'enya kinachoishambulia kloridi ya vinili kwa haraka, na wapo wanaoigusa polepole tu.

Asipokuwepo bakteria huyu, au akikosa kimojawapo cha mahitaji yake, mnyororo hukatika kwenye DCE au kwenye kloridi ya vinili. Karatasi ya vipimo itaonyesha TCE imeshuka, na watu watashangilia. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 za TCE kwa lita, lakini kloridi ya vinili mikrogramu 2 tu, na Shirika la Afya Duniani limeweka 0.3. Kiwango cha TCE kinaweza kushuka huku hatari ikipanda.

Ili kuepuka hilo, wahandisi huwalisha bakteria kwa kupitisha mabomba ardhini na kuingiza molasi, mafuta ya mimea au chumvi za asidi ya maziwa. Wakati mwingine huleta na bakteria wenyewe. Kwenye kituo cha jeshi la anga cha Kelly, Texas, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalilinganisha sehemu zilizopewa chakula peke yake na sehemu iliyopewa chakula pamoja na mchanganyiko wa bakteria wenye Dehalococcoides. Zilizopewa chakula tu zilikwama kwenye DCE. Ile iliyopewa bakteria ilifika etheni, na ndani ya siku 200 hivi PCE, TCE na DCE zote zilikuwa chini ya mikrogramu 5 kwa lita.

Bakteria anapoumizwa na kazi yake

Njia ya pili ni ya penye hewa, na hapa ndipo utakapoona jambo linalohusu mwili wako pia.

Kuna bakteria wanaoishi kwa kula gesi ya methani, na wengine wanaokula toluini, kemikali iliyomo kwenye rangi na petroli. Hawaitaki TCE na haiwapi nguvu yoyote. Lakini kimeng'enya wanachotumia kubandika oksijeni kwenye chakula chao hakina macho makali. TCE ikipita karibu, nayo hubandikwa oksijeni. Matokeo ni molekuli isiyotulia, inayojishikiza kwenye chochote kilicho jirani: protini, chembe za urithi, hata kimeng'enya chenyewe kilichoizaa.

Mwaka 1989 Lawrence Wackett na mwenzake walionyesha hivyo kwa bakteria anayeitwa Pseudomonas putida F1. Alipokuwa akiivunja TCE alikua kwa shida. Ndugu zake wasiokuwa na kimeng'enya kile hawakudhurika hivyo. TCE ilikuwa ileile kwa wote, lakini kilichoumiza ni kile kilichotokea baada ya kuvunjwa. Wahandisi wamejifunza kuhesabu kwa mtindo huo: kila gramu ya bakteria ina kiasi cha TCE inachoweza kuharibu kabla haijachoka na kufa, kwa hiyo ni lazima waendelee kulishwa ili wengine wazaliwe. Wakipewa methani nyingi mno, nayo hugombania nafasi kwenye kimeng'enya na TCE huachwa. Ni kazi ya kupimia kwa kijiko.

Pamoja na hayo njia hii ina faida yake: haipitii kwenye kloridi ya vinili. Tena wapo bakteria wa penye hewa wanaoweza kuila kloridi ya vinili yenyewe, ndiyo maana pembezoni mwa eneo lililochafuka, oksijeni inapoanza kupatikana, nyingine hutoweka.

Seli zako zinaumiaje?

Kwa namna inayofanana sana. Ukinywa au ukivuta TCE, sehemu kubwa huenda kwenye ini. Huko hukutana na vimeng'enya vya kusafisha sumu, kimoja kikiwa ni kile kinachoitwa CYP2E1, ambacho pia hushughulikia pombe. Navyo hubandika oksijeni. Kinachotokea ni kemikali kadhaa, baadhi zikiwa na madhara kwa ini. Mafundi wa zamani waliosafisha vyuma kwa TCE walijua dalili moja: wakinywa pombe baada ya kazi, uso na shingo viliwaka wekundu.

Kiasi kidogo hupita njia nyingine, na hicho ndicho kinachotia wasiwasi zaidi. Ini huifunga TCE pamoja na glutathioni, kitu ambacho seli hutumia kama gunia la kutolea taka. Kwa sumu nyingi mpango huo hufanya kazi vizuri. Kwa TCE, gunia likifika kwenye figo vimeng'enya vya huko hulifungua na kulikatakata, mpaka itoke molekuli kali inayoshambulia seli za mirija ya figo. PCE nayo hupita njia hiyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, tangu 2012 limeiweka TCE kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka, na saratani inayotajwa ni ya figo. PCE iko kundi la pili, la vitu ambavyo huenda vinasababisha.

Kloridi ya vinili nayo iko kundi la kwanza. Ini huigeuza kuwa molekuli inayojibandika kwenye DNA, na seli ikijigawa, makosa hurithiwa. Mwaka 1974 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki ya PVC huko Louisville, Kentucky, walikufa kwa anjiosakoma ya ini, saratani adimu kiasi kwamba visa vichache mahali pamoja vilitosha kumshtua daktari. PVC hutengenezwa kwa kloridi ya vinili.

Kwa waliokuwa Camp Lejeune, serikali ya Marekani tangu 2017 imekubali magonjwa manane kuwa yanahusiana na maji yale kwa askari wa zamani: saratani za figo, ini na kibofu, lukemia ya watu wazima, limfoma isiyo ya Hodgkin, mayeloma, upungufu wa damu unaotokana na uboho kushindwa kazi, na ugonjwa wa Parkinson. Kuhusu huu wa mwisho, utafiti wa mwaka 2023 ulilinganisha askari wa Camp Lejeune na wale wa Camp Pendleton, California, ukakuta hatari imezidi kwa asilimia 70. Desemba 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku TCE.

Uulize nini ukiambiwa maji yanasafishwa?

Usiulize tu kama TCE imeshuka. Uliza kama wamepima pia DCE, kloridi ya vinili na etheni, na omba namba za kila kimoja kwa tarehe tofauti. Etheni ikipanda huku nyingine zote zikishuka, bakteria wanamaliza kazi. DCE au kloridi ya vinili ikipanda na etheni haionekani, kazi imekwama, na mtu yeyote asikwambie kisima kiko salama. Uliza pia kama Dehalococcoides amepatikana kwenye sampuli. Maabara zinaweza kumtambua kwa chembe zake za urithi.

Kipimo cha kawaida cha kisima, cha chumvi na vijidudu vya kuhara, hakigusi viyeyusho hivi. Sampuli huchukuliwa kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojazwa pomoni, isibaki hata povu la hewa, kwa sababu kemikali hizi hutoroka. Aliyekuja na chupa ya soda iliyojaa nusu atakuletea majibu mazuri yasiyo na maana.

Na tafadhali usimwage sukari, molasi, samadi wala unga wa bakteria wa vyoo kwenye kisima chako. Bakteria wa choo si wale, na chakula bila wale kinaweza kuishia kutengeneza kloridi ya vinili zaidi, juu ya kuharibu maji kwa vijidudu vingine.

Nyumbani ufanye nini?

Tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, hasa kwa mjamzito na mtoto mchanga. Kuchemsha hakusaidii: kiyeyusho hugeuka mvuke na unauvuta humo jikoni. Kwa sababu hiyohiyo kuoga maji ya moto kwenye bafu lililofungwa ni njia kubwa ya kuingiwa na sumu. Kama huna maji mengine ya kuoga, tumia ya baridi, oga haraka, na acha dirisha wazi. Chujio la kaboni amilifu hukamata TCE na PCE vizuri likibadilishwa kwa wakati. Kloridi ya vinili hulipita kwa urahisi, ndiyo sababu nyingine ya kutaka kipimo chake kabla hujanunua.

Mvuke unaweza pia kupanda kutoka ardhini na kuingia kwenye nyumba kupitia nyufa za sakafu, hata kama hunywi maji ya hapo. Hilo hupimwa kwenye hewa ya ndani.

Umwone daktari lini?

Ukiwa kazini na viyeyusho ukasikia kizunguzungu, usingizi wa ghafla au moyo kwenda mbio, toka kwenye hewa safi na utafute msaada mara moja. Kama uliishi miaka mingi kwenye maji machafu, nenda ukiona damu kwenye mkojo, tezi zilizovimba bila kupungua, uchovu na kupungua uzito bila sababu, au mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika. Dalili hizi zina sababu nyingi nyingine, nyingi zikiwa nyepesi.

TCE hutoka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kitakachomwonyesha daktari ulichokunywa miaka kumi iliyopita. Atakachotegemea ni maelezo yako. Andika kwenye karatasi ulikoishi na miaka yake, chanzo cha maji yako, kazi ulizofanya na dawa ulizotumia kusafishia vyuma au nguo, na uende nayo pamoja na majibu yoyote ya vipimo vya maji uliyo nayo.